Damu Yangu Ilisafiri Bila Mimi

Ndugu zangu, amani ya Bwana iwe juu yenu! Leo nakiri jambo nililolikana muda mrefu: niliuogopa mwili wangu mwenyewe. Mimi, mwanamke mwalimu wa Kindu, niliyetoka chuo kikuu nikicheka mizimu ya watu wengine!

Nilikuwa na hepatiti B, ugonjwa wa ini, ule usiotoka. Sikuumwa popote. Lakini kila nilipopimwa, enzimu zinazovuja ini likijeruhiwa zilikuwa juu. "Ini lako linalia, sitwayeni," alisema daktari wa hospitali ya reli, akiniita raia kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi. Mimi sikusikia kitu. Ndugu zangu, mnajua kukaa nyumbani na mtu asiyekohoa, usijue kama yupo?

Damu ilipimwa Lubumbashi. Ilipanda treni ndani ya termosi ya barafu, mimi nikabaki. Siku zote za safari yake nilisikia baridi mbavuni, na magurudumu chini ya kitanda. Nilijicheka, kisha nikainama kuchungulia.

Enzimu zikazidi kupanda. Daktari akanionya kwamba zisiposhuka, ini litaharibika na nitakufa. "Unakunywa dawa ingine?" "Hapana, docteur." Sikudanganya! Maji machungu ya mizizi aliyonichemshia mama mkubwa kila asubuhi, kwetu yalihesabiwa pamoja na chai.

Kanisa likafunga na kuomba kwa ajili yangu, nami nikafunga, nikakataa hata kikombe cha mizizi. Mama mkubwa akakasirika: "Mukristo gani huyu, anafunga mpaka dawa ya ini?"

"Dawa?" nikauliza. Nilikuwa nimeipokea kwa mikono miwili, na asante juu!

Nilimpelekea daktari ile mizizi. "Mama, hii ndiyo inaweza kuunguza ini. Acha kabisa!" Nikaacha. Damu ikasafiri tena, mara hii pamoja na daktari mwenyewe.

Wewe mwenye ugonjwa usiotoka, mtumaini Bwana, na umwambie daktari kila unachomeza. Mimi Bwana alinifungua kwa njaa ya mfungo!

Wiki zilipita, kisha niliitwa kwenye simu ya stesheni. Sauti ya daktari ilitoka mbali, kama chini ya maji: "Virusi iko bado, mama, tutaipima maisha yote. Lakini enzimu zimeshuka. Ini limetulia. Utaishi."

"Bwana asifiwe!" nikapiga kelele.

"Amina, mama!" ikajibu sauti ya mwanaume, karibu kabisa na sikio langu.

"Nani huyo?" akauliza daktari.

Waya ule ulipita stesheni zote za msituni, na mtu wa stesheni yoyote aliweza kusikiliza. Tulisikia tu mtu akipumua, halafu akalia kwa furaha, kana kwamba ni yeye aliyeambiwa ataishi.