Ngumi Haijatoka, Utelezi Keshainama

Tangu kila mwenye mtaji aruhusiwe kuuza anachotaka, Mji Mpya umejaa mitumba na vibanda vya video, ila kijiwe cha Mzee Rehani kimebaki na biashara yake ileile: kahawa chungu na ubishi. Asubuhi hiyo ubishi ulikuwa mzito. Jumapili Laurenti alikuwa anapanda ulingoni kwa mara ya tatu na Athanas wa Kilosa, maarufu Utelezi, bondia asiyepigika. Mara mbili Laurenti ameshashindwa naye kwa pointi. Na jana alisema kwa mdomo wake, akishindwa tena anatundika glavu, anakwenda Turiani kukata miwa. Rafiki yake Dadi alimpenda yule bwana kuliko ndugu zake wa tumbo moja, basi akaitisha kikao.

— Mpige mikono! alianza Dadi. Mikono ikichoka, atajikinga na nini?

— Mikono utaipatia wapi? alicheka Stefano, mwenye kibanda cha video, ambaye wote walimwita Rimoti. Mimi nimetazama mikanda ya ndondi mpaka deki imeungua. Mtu kama yule humpigi alipo. Unapiga anakokwenda.

— Utajuaje anakokwenda?

— Unakisia.

— Ukikosea?

— Unapiga hewa.

— Si ndiyo anachofanya sasa, Rimoti!

Mzee Rehani akamimina kahawa.

— Ninyi watoto hamjui. Avae kaptura yenye maua makubwa makubwa, jamaa macho yampumbae.

— Kaptura, mzee?

— Mitumba si ipo tele!

Laurenti, aliyekaa katikati yao, hakucheka.

— Kinachonishangaza mimi, ngumi haijatoka, jamaa keshainama. Kama vile kaambiwa.

— Mganga huyo! Rimoti akaruka. Kuna mtu kamfanyia mambo!

— Mganga gani? Anakusoma bega, alisema Dadi. Tulifunge bandeji!

Pembeni yao alikuwa amekaa Chausiku, muuza karoti wa Mgeta. Alikuwa ameshusha tenga akisubiri lori la kurudi mlimani, akawaamkia shikamooni, akapewa kikombe. Muda wote alisikiliza tu.

— Samahani kaka zangu, alisema. Akiwa humo ndani, ninyi mnamsaidiaje?

Dadi akatoa kifua.

— Mimi nasimama chini ya kamba, dada! Nikiona upenyo tu, nampa: Laurenti, kushoto! Haya, tumbo! Kulia sasa! Ukumbi mzima wananisikia!

— Naye anafuata?

— Neno kwa neno, alisema Laurenti.

Chausiku akapuliza kahawa yake.

— Kwani huyo Utelezi ni kiziwi?

Weee! Rimoti akainamia ndala zake. Mzee Rehani akalitikisa birika, lilikuwa tupu, wala hakuna aliyedai kahawa. Dadi masikio yalimwaka moto. Mapambano mawili, na kila ngumi ya rafiki yake aliitangaza yeye, tena kwa majigambo.

— Dadi, alisema Laurenti taratibu, Jumapili wewe baki hapa. Nikimaliza nitakuja kukuhadithia.

Dadi alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Iliuma, jamani, iliuma kuliko ngumi.

— Sawa, alisema, na ilibidi arudie, maana hakuna aliyemsikia.