Sentensi Moja Kuhusu Mzee wa Boila

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama una kazi mkononi endelea nayo, lakini sikio nikopeshe mimi. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefariki wiki iliyopita. Alikuwa fundi wa miwani. Alikuwa mama wa binti mmoja. Na kwa miaka mingi, bila kulipwa hata senti, alikuwa mhariri wa ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ya Kiswahili, ambayo mwanao huifungua akipewa kazi ya shule.

Nirudie kwa aliyewasha redio sasa hivi. Fundi wa miwani. Mama wa binti mmoja. Mhariri wa kujitolea.

Wahariri wenzake walimwita Bi Tanbihi. Tanbihi ni zile namba ndogo zinazokaa pembeni ya sentensi, ukiifuata namba unaonyeshwa habari imetoka wapi: kitabu gani, gazeti gani, la tarehe ngapi. Bi Tanbihi alikuwa hapiti sentensi isiyo na namba. Ukiandika kwamba mlima fulani ni mrefu, anakuuliza, "Nani kaupima?" Ukiandika kwamba mchezaji fulani alizaliwa mwezi wa tatu, anakuuliza, "Ulikuwepo?"

Binti yake anacheka akikumbuka. "Nyumbani kwetu ulikuwa huwezi kusema tu kwamba mvua itanyesha," ananiambia. "Mama alikuwa anauliza, nani kasema? Nikimjibu mawingu, ananiambia mawingu hayajachapishwa popote."

Wasikilizaji wapendwa, kazi ile ina desturi zake. Makala yoyote unayoisoma ina vyumba viwili nyuma yake. Chumba cha kwanza ni ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri hubishana mpaka wakubaliane. Cha pili ni historia ya ukurasa. Huko kila badiliko limehifadhiwa, na jina la aliyelifanya, na tarehe. Hakuna kinachopotea. Bi Tanbihi alikuwa mmoja wa wasimamizi wa vyumba hivyo. Mwingine alikuwa mwalimu wa jiografia, wa mji mwingine kabisa. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini walikuwa wakigombana kila siku kama mtu na shemeji yake.

Sasa sogeeni karibu, maana hapa ndipo roho yake ilipoanza kukosa raha.

Asubuhi moja mzee mmoja aliingia dukani akiwa na kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka miwani ya kusomea. Mjukuu wangu kaniambia nimeandikwa kwenye mtandao. Nikimwomba anisomee, mara ana kazi ya shule, mara chaji imeisha. Ananikwepa. Nikaona isiwe taabu, nitasoma mwenyewe."

"Hongera, mzee. Umeandikwa wapi hasa?"

"Kwenye habari za kile kiwanda cha sabuni kilichoungua. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha boila. Ilikuwa moja tu."

Bi Tanbihi alikuwa amemwekea lenzi za majaribio machoni. Alizibadilisha moja baada ya nyingine, akimuuliza herufi zinaonekana au hazionekani, na mzee alikuwa akijibu, lakini fundi mwenyewe alikuwa hasikii tena. Alimwambia arudi Ijumaa. Mzee alipotoka, alijifungia stoo na simu yake.

Kiwanda kile, wasikilizaji, kiliungua Bi Tanbihi akiwa bado msichana wa shule. Boila, lile tanuri la kuchemshia maji ya mvuke, ililipuka. Watu watatu walikufa. Makala yake ipo kwenye ensaiklopidia, fupi tu, na katikati yake kuna sentensi hii, nainukuu: "Chanzo cha moto ni mwendesha boila aliyelala kazini akiwa kwenye boila ya pili." Pembeni yake kuna namba ndogo. Ukiifuata, unafika kwenye gazeti.

Kumbe sentensi ina tanbihi, utasema, basi shida iko wapi? Bi Tanbihi aliingia kwenye historia ya ukurasa. Akashuka, akashuka, mpaka mwaka ule makala ilipoanzishwa. Akaikuta siku sentensi ile ilipoandikwa mara ya kwanza. Mbele yake palikuwa na jina la mhariri, jina la zamani ambalo halitumiki tena, la mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka.

Lilikuwa jina lake yeye. Ndilo aliloanza nalo, mwezi wake wa kwanza, kabla hajasahau nenosiri na kujiandikisha upya.

Aliandika sentensi ile kwa sababu mtaa mzima ulikuwa ukisema hivyo. Tangu utotoni alikuwa akiisikia. Boila ililipuka, yule bwana alikuwa amelala. Si wanasema lisemwalo lipo? Akaandika. Miaka ikapita, gazeti likafanya kumbukumbu ya moto ule, mwandishi akaichota sentensi kwenye ensaiklopidia kama ilivyo. Baadaye Mwalimu wa jiografia, kwa nia njema kabisa, akaona sentensi haina namba, akatafuta, akalipata gazeti, akaweka tanbihi. Ensaiklopidia ikawa inalitaja gazeti, na gazeti lilikuwa limenakili ensaiklopidia. Uvumi wa mtaani ulikuwa umevishwa suti na tai.

"Chakula nilimwekea mezani," anasema binti yake. "Siku ile hakula. Nilimuuliza, mama, unaumwa? Akanijibu, naumwa na kitu nilichokiandika."

Dawa yake ya kwanza ilikuwa rahisi. Aliifuta sentensi. Kabla hajamaliza chai yake, sentensi ilikuwa imerudi. Mwalimu ndiye aliyeirudisha, na kwenye ukurasa wa majadiliano akaandika: "Dada, hii ina chanzo. Usiondoe habari yenye chanzo bila kujadiliana. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Mkuki kwa nguruwe!

Hapo angeweza kusema ukweli. Hakusema. Aliandika kwamba gazeti lile si la kuaminika. Mwalimu akamjibu kwamba mwezi uliopita tu dada mwenyewe alilitumia kwenye makala ya daraja. Bi Tanbihi akaandika kwamba si vizuri kumsema vibaya mtu aliye hai. Mwalimu akamjibu, kwa upole, "Tunajuaje kama yu hai? Kuna chanzo?"

Bi Tanbihi alikuwa akijua yu hai. Alikuwa amempima macho.

Ijumaa ikafika na mzee naye akafika. Miwani ilikuwa tayari, imefungwa kwenye kitambaa, iko kwenye droo ya chini. Bi Tanbihi akamtazama usoni akamwambia, "Pole, mzee, lenzi hazijafika." Ijumaa ya pili akamwambia fremu imekuja na ufa. Njia ya mwongo ni fupi, wasikilizaji, na yeye alikuwa anaiona inavyoishia. Mzee hakulalamika. Alimshukuru kila mara. Alisema, "Wewe kazi yako unaifanya kwa uangalifu, mwanangu," na neno lile lilimchoma kuliko tusi.

Mchana kutwa alikuwa na simu chini ya meza, akiangalia kama kuna aliyejibu. Anakata lenzi, anachungulia. Anampimia mteja, anachungulia. Binti yake ananiambia, "Mimi nilidhani mama kapata mchumba! Nikamwambia, mama, mficha uchi hazai, mlete tu tumwone." Binti alikuwa anatania, wala hakujua lolote. Mama yake hakucheka. Aliweka simu mezani akaanza kulia, na ndipo akamsimulia binti yake habari yote, ya kiwanda, ya sentensi, ya miwani kwenye droo.

"Aliogopa nini hasa?" nilimuuliza binti.

"Aliogopa vyote. Aliogopa mzee asome. Aliogopa wenzake wajue. Alisema, nimefuta kazi za watu kwa miaka mingi, nimewaambia watoto wa chuo kwamba uvumi hauna nafasi hapa, wengine wameondoka wakilia. Nitaanzaje kusema ni mimi?"

Lakini alianza. Jumatatu iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, alifungua ukurasa wa majadiliano akaandika. Mwalimu amenisomea maneno yale kwenye simu, na yapo hadi leo, mtu yeyote anaweza kuyaona. "Jina lile la zamani ni langu. Sentensi niliiandika mimi. Sikuwa na chanzo, nilisikia mtaani. Gazeti limenakili kosa langu. Kiwanda kilikuwa na boila moja tu. Boila ya pili niliibuni kwa kutojua, na gazeti nalo limeandika boila ya pili. Angalieni tarehe. Naomba sentensi iondolewe, na mimi niondolewe kwenye usimamizi."

Nilimuuliza Mwalimu alijisikiaje. "Nilikasirika," akasema. "Halafu nikaona aibu, maana ile tanbihi niliiweka mimi. Mwenzangu aliwasha moto, mimi nikauletea kuni." Aliangalia tarehe. Aliangalia ile boila ya pili, kwenye makala na kwenye gazeti. Kisha akaandika neno moja, "Nakubali," na wengine wakafuata. Sentensi ikaondolewa.

Ijumaa ya tatu mzee alikuja. Bi Tanbihi alikuwa na nafasi ya kunyamaza, wasikilizaji wapendwa. Makala ilikuwa safi. Angempa mzee miwani yake, angemfungulia ukurasa, mzee angesoma asikute kitu, na kila mtu angekwenda zake. Hilo ndilo binti yake alilomshauri. "Nilimwambia mama, limekwisha, usilifukue," anasema.

Alimpa miwani. Alimfungulia makala. Mzee alisoma taratibu, kidole kikitembea kwenye kioo cha simu, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Mbona simo?"

Hapo ndipo Bi Tanbihi alipomwonyesha. Aliingia kwenye historia ya ukurasa, akaifungua sentensi ile ya zamani, akamwachia aisome yote. Kisha akasema, "Mzee, hayo niliyaandika mimi."

Mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia kilichofuata. Nakisema kama alivyokisema, maana Mwalimu amenionya nisiongeze chumvi.

"Nilimtazama," mzee anasema. "Nilikuwa na miwani mpya, nilimwona vizuri sana. Nikamuuliza, siku ile ya moto ulikuwa wapi? Akasema alikuwa darasani. Nikamuuliza, kengele ya kiwanda uliisikia? Akasema, niliisikia, tuliisikia sote, tukakimbilia dirishani. Nikamwambia, watu zaidi ya mia walitoka mle ndani kwa sababu ya ile kengele. Sasa niambie, mwanangu. Kama mimi nilikuwa nimelala, nani aliipiga?"

Bi Tanbihi akaishusha simu mezani. Aliisikia kengele kwa masikio yake mwenyewe, na tangu siku ile hakuwahi kujiuliza.

Je, mzee alimsamehe? Nilimuuliza. Akaniambia siku ile, hapana. Alilipa miwani yake akaondoka bila kuaga. Alirudi baada ya muda, eti skrubu imelegea. Skrubu ilikuwa haijalegea. Akaketi, wakazungumza mpaka duka likafungwa, na tangu hapo akawa haishi kupita.

Basi Bi Tanbihi akapata wasiwasi mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Alitaka kengele iandikwe. Alitaka makala iseme kwamba mwendesha boila alikuwa macho na aliwatahadharisha wenzake. Lakini sheria ni ile ile, na yeye ndiye aliyeilinda. Masikio yake si chanzo. Kumbukumbu ya mzee, ikisemwa juu ya kiti cha duka la miwani, si chanzo. Kiwanda hakipo, meneja wake alishafariki, magazeti ya wakati ule yalihesabu maiti tu. Aliandika kwenye majadiliano, "Uongo niliuingiza kwa dakika mbili. Ukweli sina mlango wa kuuingizia." Alitafuta mpaka moyo wake ukaanza kumsumbua. Hata alipolazwa, alikuwa akimuuliza binti yake kama kuna yeyote aliyejibu. Alifariki akiwa bado anatafuta.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa binti yake. Pole, mwanangu, mama yako alikuwa mtu wa kweli, na kuwa mtu wa kweli kulimgharimu. Pole kwa Mwalimu na wahariri wote wanaofanya kazi ile bila kuonekana wala kulipwa. Pole pia kwa familia za wale watatu waliokufa kiwandani, ambao tunawataja mara chache mno. Mungu ampumzishe Bi Tanbihi mahali pema.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Ni habari ya nani tunayoibeba mdomoni tangu utotoni, na hatujawahi kumuuliza mwenyewe? Mtu huyo labda yu hai. Labda anapita mtaani kwako leo.

Mwalimu aliniambia jambo moja la mwisho, ambalo wakati ule hawakulifikiria. Neno likitamkwa redioni, na mwenye kulitamka akajulikana, kipindi kina tarehe na kina mahali pake kwenye kumbukumbu za kituo. Wahariri wanaweza kulitaja. Hawataandika kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wataandika kwamba ndivyo mwenyewe alivyosema, na wataweka namba yake ndogo.

Kwa hiyo nimemwalika mgeni studio. Ameketi hapa mbele yangu, amevaa miwani yake, na kofia iko mkononi. Mzee, sogea karibu na kipaza sauti. Usiogope. Zungumza.

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha boila ya kiwanda cha sabuni siku kilipoungua. Sikulala. Kengele niliipiga mimi."