Jiwe la Mpaka Uani kwa Irmtraud

Wasikilizaji wapendwa, hebu iacheni kahawa kidogo. Irmtraud Kessel ametutoka. Alikuwa meya wa mwisho wa kijiji chetu cha Krummenborn. Narudia: wa mwisho, maana baada yake hatukuwa na meya tena.

Mnakumbuka kwa nini. Kisima kilichafuka, watoto wakaharisha, na bomba jipya lilikuwa juu ya uwezo wetu. Mji wa jirani ukasema: maji tutawaletea, ila mjiunge nasi. Kura za baraza zikalingana, ikabaki ya meya. Irmtraud akanyoosha mkono. Krummenborn ikawa kitongoji tu.

Lo, alichukiwa! Wa kwanza alikuwa kaka yake mwenyewe, Gerold. "Umeuza hata kaburi la baba," alimwambia mbele ya kanisa, na tangu siku hiyo hakumpa hata salamu. Lakini maji aliyanywa. Nilimwambia hivyo usoni, akaninunia.

Sasa, kila Mei tunatembea mpaka wa kijiji, jiwe hadi jiwe. Mgeni huinuliwa akabwagwa makalio juu ya jiwe mara tatu, ili asisahau mpaka ulipo. Mimi nilibwagwa, na Jumapili yake nilisikiliza mahubiri nimesimama. Kijiji kilifutwa kwenye ramani, matembezi hayakufutwa. Ila Irmtraud hakuja tena.

Binti yake, Silke, aliniambia: "Kila Mei mama alisugua viatu vyake vya matembezi, akaviweka mlangoni. Tarumbeta za matembezi zikishapita, anavirudisha kabatini. Alikuwa anangoja kuitwa."

Aliitwa, wasikilizaji wapendwa. Ilikuwa Mei iliyopita, miguu yake imeshakataa. Trekta lilisimama uani kwake, limebeba jiwe la mpaka lenye udongo mbichi. Dereva ni Gerold.

"Wewe mzee una wazimu?" Irmtraud akapaza sauti dirishani. "Kung'oa jiwe la mpaka ni jela!"

"Nishtaki basi! Utanishtaki kwa meya gani?"

Yule mama akacheka, kisha akalia. Tukamtoa nje, tukamkalisha juu ya jiwe mara tatu, taratibu kama yai. Gerold akamshika mkono.

"Maji yako nimeyanywa miaka yote hii, dada. Asante sijawahi kukupa."

"Umechelewa, mpumbavu wee," akasema Irmtraud, na mkono hakuuachia.

Tulitaka jiwe libaki pale pale. Akatufokea: "Lirudisheni! Watoto watajuaje kijiji chao kinaishia wapi?" Gerold akaahidi. Lakini mgongo ulimsumbua, na jiwe likakaa uani hadi wiki hii.

Jana, baada ya mazishi, hatukumwona Gerold kwenye kahawa na keki. Tulimkuta mpakani, suti nyeusi ina matope hadi magotini, anashindilia udongo kando ya jiwe.

"Alisema lirudi," akatuambia, na akaendelea kushindilia.

Silke, pole sana. Gerold, pole, ndugu yetu. Na wewe unayetusikiliza: huenda kuna mtu wako anasugua viatu, anangoja umwite. Mwite leo, angali anaweza kuvivaa.