Miaka Ishirini na Tisa na Kifaranga wa Pili

Tarehe 30 Juni, Mama Mumbi anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika kituo chetu cha kulea ndege. Aliajiriwa kufagia vizimba. Anaondoka akiwa mlezi mkuu.

Kwa wasiomjua, mumbi ni ndege mweusi, mkubwa kama bata mzinga, mwenye uso mwekundu, naye anazidi kuadimika. Hutaga mayai mawili. Kifaranga wa pili huchelewa kuanguliwa, na kwa kuwa mkubwa wake hula kila kitu, hufa njaa. Kazi ya Mama Mumbi ilikuwa kupanda ngazi hadi kwenye tundu la mti, kumtoa huyo wa pili, na kumlea bila kutamka neno ili asizoee watu. Mama mwenye domo lile, anyamaze! Akitoka chumbani humo, alitulipizia saa zote alizofunga mdomo.

Alikuza kumi na saba. Mmoja, jike, tulimwachia porini, akapata kundi, na baada ya miaka tisa akaangua kifaranga wake mwenyewe. Siku hiyo Mama Mumbi alitununulia soda ofisi nzima, hata dereva waliyenuniana naye.

Mwezi haukuisha. Jike huyo na wenzake wanne walikutwa wamekufa kando ya mzoga wa mbuzi uliotiwa sumu. Kifaranga tulimkuta kiotoni, amekufa njaa.

Shemeji yake Mama Mumbi alikuja ofisini mwenyewe, kofia mkononi. "Shemeji, nilitegea fisi," alisema. "Wamenimalizia mbuzi." Mama Mumbi hakumfokea. Alimpa glavu, wakawabeba wale ndege hadi maabara. Kisha akajifungia stoo akalia, hakuna aliyethubutu kugonga.

Mwaka mzima hakukanyaga kwa shemeji. Halafu siku moja akaenda na nguzo na wavu, wakajenga pamoja zizi ambalo fisi hapenyi. Leo shemeji huyo ndiye anayewakataza majirani kutumia sumu. Lakini kundi halikurudi. Amebaki dume mmoja, analia peke yake kila alfajiri.

Mama Mumbi ametuomba jambo moja tu: kila Jumatatu tumwambie kama dume huyo amepata mwenzake.

Dada yetu, asante kwa wote uliowalea, sisi tukiwemo. Nenda ukalale hadi jua lichomoze, ufurahi na wajukuu, Mungu akupe afya na umri mrefu. Jumatatu tutakupigia, hata kama jibu ni bado.