Kiti cha Mtu Mmoja

Benchi la kijiwe kile alilichomelea Kipimo mwenyewe, ubao mmoja mrefu juu ya miguu ya chuma, akaliweka kati ya karakana yake na kibanda cha kinyozi, mahali ambapo kivuli cha ukuta hufika mapema. Jioni muuza kahawa hutua birika lake hapo, jirani wanayemwita Redio huja na habari ambazo hakuna aliyemtuma, Kinyozi hutoka na kitana kimechomekwa nywelani, na maneno huanza. Kazi ya Kipimo ilikuwa skuta. Hakuwa wa kuziba pancha na kubadilisha oili tu. Mtu alimletea skuta kama ilivyotoka kiwandani, akaondoka na yake peke yake: mwenye kitambi alisogezewa usukani, mwenye miguu mirefu alirefushiwa pa kuweka nyayo, mpiga picha alichomelewa sanduku la kamera chini ya kiti. Kila mteja alikalishwa kwanza juu ya kreti tupu akapimwa kwa utepe, magoti, kiuno, mikono. Redio alizoea kusema kwamba ukipita karibu na Kipimo unahisi kama unachongewa jeneza.

Jioni ile walikuwa wakibishana juu ya mlango. Mkabala na benchi, ng'ambo ya barabara, lilikuwa duka la Dada Pindo, fundi wa nguo, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa wiki ya tatu. Pindo alikuwa na mguu wa kulia uliolegea tangu utotoni, akitembelea mkongojo, na kwao ni juu kilimani. Mwaka uliopita Kipimo alimtengenezea skuta ya kijani. Alihamisha breki ya mguu akaileta mkononi, akashusha kiti, akaongeza magurudumu mawili madogo nyuma ili isimwangushe akisimama, na pembeni akachomelea bomba la kuchomeka mkongojo. Katika kazi zake zote, hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko nyingine.

Kinyozi alikuwa na hakika kwamba Pindo amechumbiwa, na huyo mchumba hataki mke wa kuonekana barabarani. Muuza kahawa alisikia kuwa ameitwa kwenye nyumba ya mkubwa mmoja, anashona mapazia ya vyumba vyote na haruhusiwi kutoka mpaka amalize. Redio aliwasikiliza wote wawili kwa huruma, kama mtu anayejua siri nzito, kisha akatoa yake. Ule mguu, alisema, haukuwa na ugonjwa wowote. Pindo aliuburuta ili wateja wamwonee huruma, sasa amepata mambo makubwa zaidi huko mjini na anatembea kama sisi.

— Mguu ule niliupima mimi, Kipimo alisema.

— Ulipima urefu, Redio akamjibu. Hukupima ukweli.

Wakacheka. Kipimo hakucheka, lakini hakuinuka pia. Alijiambia kwamba kesho atauliza, kama alivyojiambia jana na juzi.

Kicheko hakijaisha, akasikia injini. Fundi hujua sauti ya kazi yake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe, na hii ilikuwa yake, ila ilikuwa inalia vibaya, kama iliyobebeshwa kupita kiasi. Skuta ya kijani ikakata kona. Aliyeipanda ni Kasi, mdogo wake Pindo, kijana mwenye maneno matamu ambaye kila mwezi alikuwa na kazi mpya. Mbele yake alikuwa amebana mtungi wa gesi kwa magoti, nyuma amefunga mwingine. Akaegesha mbele ya benchi, akasalimia wakubwa zake mmoja mmoja kwa adabu, akaagiza kahawa.

Kipimo alikuwa ameshainuka. Alizunguka nyuma ya skuta akachuchumaa. Magurudumu madogo hayakuwepo. Vyuma vilivyoyashika vilikuwa vimekatwa, na vimekatwa vibaya, ncha zimebaki na meno. Bomba la mkongojo lilikuwa limepindwa likawa ndoano ya kuning'iniza mifuko. Kiti kilikuwa kimeinuliwa kwa vipande viwili vya mbao.

— Magurudumu yako wapi?

— Aa, yale. Yalikuwa yananizuia kupenya kwenye foleni, fundi. Nikaazima grinda ya kukatia chuma kwa jamaa mmoja. Kazi ndogo tu.

— Na dada yako?

— Yupo nyumbani, anapumzika. Hiki ni chombo cha familia, kaka. Mimi ndiye ninayezunguka, yeye anakaa tu.

Kipimo alikumbuka jinsi alivyolala chini ya skuta ile akitafuta pembe ya breki ambayo vidole vya Pindo vingeifikia bila kujinyoosha. Sasa anaambiwa kazi ndogo tu.

— Hapo hakuna kiti cha familia, alisema. Kiti hicho nilikipima kwa mtu mmoja.

— Wewe ulishamaliza kazi yako, Kasi akajibu, bado anatabasamu. Ya nyumbani tuachie wa nyumbani.

Hapo ndipo benchi lilipomchefua zaidi ya Kasi mwenyewe. Muuza kahawa alisema ndugu ni ndugu, mgeni akiingia katikati ataumia yeye. Kinyozi alisema kifaa kikishatoka karakana fundi hana usemi tena. Redio, ambaye alikuwa hajawahi kuingia mahakamani hata kama shahidi, akaeleza kwamba kisheria chombo ni cha yule ambaye jasho lake liko kwenye kiti.

— Basi vichwa vyote ninavyonyoa ni vyangu, Kinyozi akamgeuka.

— Kichwa hakina leseni, Redio alisema. Usichanganye mambo.

Wakazama humo. Kama kichwa kingekuwa na leseni, nywele ni za nani. Kama skuta ni ya familia, gurudumu la mbele ni la kaka au la shemeji. Kasi alichangia kwa furaha, maana kila neno lililoongezeka lilimsogeza mbali na lile aliloulizwa. Kipimo alisimama pale akiwaona watu anaokunywa nao kahawa kila jioni kama anawaona kwa mara ya kwanza.

Hawakumwona mwanamke aliyekuwa akivuka barabara. Alikuwa mgeni mtaani, ameshika mfuko wenye kitambaa, na alikuwa ametoka kuutikisa mlango wa Pindo. Alisimama akisubiri pumziko katika mabishano, akaambulia mawili matatu ya yaliyokuwa yakisemwa, akaitazama skuta.

— Samahanini, alisema. Huyu fundi wa nguo, kama hiki ndicho alichokuwa anakitumia, sasa anatokaje nyumbani?

Kinyozi alichomoa kitana akakikagua. Redio alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu benchi lichomelewe. Kasi alitazama ndani ya kikombe. Mwanamke aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akaona hakuna kitu, akaaga, akaenda zake.

Kipimo aliingia karakana akatoka na spana. Kabla Kasi hajaelewa, alikuwa ameshapiga goti, amefungua plagi ya kuwashia injini, ameizungushia kitambaa maana ilikuwa ya moto, na kuitia mfukoni. Kasi alitupa kikombe akamkamata ukosi. Walivutana mpaka shati la Kipimo likachanika begani na birika likaenda chini, kahawa yote ikamwagika kwenye vumbi. Kinyozi na muuza kahawa ndio waliowaachanisha.

— Akija mwenyewe atapewa, Kipimo alisema, akihema.

Kasi aliahidi mengi, mengine ya kutisha. Mwisho alishusha mitungi yake, akabeba mmoja begani, wa pili akauviringisha kwa mguu, akaondoka huku akitukana. Kipimo aliisukuma skuta ndani, akafunga. Benchi zima sasa lilikuwa upande wake. Redio alikuwa ameshaanza kusimulia kwamba wazo la plagi lilikuwa lake. Kipimo alikwenda nyumbani na hasira zake, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kitamu, na usingizi ulimjia kwa urahisi.

Asubuhi yake Pindo alikuja. Alikuja amekaa juu ya mkokoteni wa muuza maji, kati ya madumu, mkongojo umelazwa mapajani, sketi imelowa mpaka kiunoni. Kinyozi na Redio walikuwa benchini tayari. Alimwomba muuza maji amshushe pale pale mbele yao, akajisimamisha, akamtazama Kipimo.

— Plagi yangu iko wapi?

Kipimo aliitoa akampa kwa mikono miwili. Ukweli ni kwamba alikuwa akingoja asante.

— Kasi alichukua skuta akasema ni ya familia, Pindo alisema. Wewe umechukua plagi ukasema utampa mwenyewe. Huyo mwenyewe mlimwuliza lini?

— Dada, mimi nilikuwa nakutetea.

— Mlango wangu ule pale. Umefungwa wiki tatu mbele ya macho yenu. Mnakaa hapa mnakunywa kahawa mnautazama. Kilima kile mtu mwenye miguu miwili anakipanda huku anapiga mluzi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kubisha hodi.

— Sisi tulisikia kwamba... Redio alianza.

— Redio, zima.

Akazima. Pindo aliketi mwisho wa benchi, na kwa sauti iliyokuwa chini sasa, ambayo Kipimo aliiona mbaya zaidi, akaeleza. Kasi aliomba skuta kwa siku moja. Siku ya pili hakuomba. Alipolalamika, mama yao alisema ampe mdogo wake, yeye si anakaa tu. Aliposikia grinda uani alitoka kwa magoti mpaka mlangoni, akakuta gurudumu la kwanza liko chini na la pili linakatwa. Kasi alimwambia asijali, atazoea kupumzika.

— Nakaa tu, alisema. Ni fundi wa nguo gani anayeshona amesimama? Kukaa ndiyo kazi yangu. Nyumba ile inakula kwa kukaa kwangu.

Kipimo alisema atayarudisha magurudumu leo leo, kiti nacho, bomba pia, kama ilivyokuwa.

— Sitaki kama ilivyokuwa.

Alinyoosha mkono wa kushoto, akaukunja. Msuli ulituna kama wa mbeba magunia.

— Miaka yote huu ndio unashika mkongojo. Wa kulia unachoka haraka. Mwaka mzima nimekuwa nikifika hapa bega linawaka kwa kuvuta mafuta na mkono wa kulia. Ulinipima magoti, ukanipima kiuno, ukanipima vidole. Hukuniuliza mkono upi una nguvu.

— Mbona hukuniambia?

— Ulikuwa unapima kwa raha zako, nikaona haya kukukatiza. Sasa sina haya tena. Hamishia mafuta kushoto. Na kiti ukishushe zaidi ya mwanzo, magoti ya mtu mwingine yasipate pa kukaa.

Kipimo alileta kreti. Safari hii alipima akiuliza, na kila alipouliza alijibiwa kwa mkato. Kisha Pindo alivuka barabara, akafungua duka lake, akafagia vumbi la wiki tatu, na mchana kutwa cherehani yake ilisikika upande ule huku grinda ikilia upande huu. Kipimo alisaga yale meno ya chuma mpaka yakawa laini, akachomelea magurudumu mapya kwenye vyuma vinene kuliko vya kwanza, akavuta waya wa mafuta kwenda kushoto na wa breki kwenda kulia. Aliunguza kidole na hakusimama.

Alasiri Pindo alijaribu. Mara ya kwanza skuta iliruka ikazimika, mara ya pili ikaenda mpaka kwenye nguzo ya umeme, mara ya tatu akazunguka mtaa mzima akarudi, uso umekaza vile vile.

Kasi alikuja jua likielekea kuzama, amevaa uso wa mtu aliyesamehe. Alisema mama ametuma aje amchukue dada, na kwamba ataendesha yeye, dada akae nyuma. Pindo alishuka akampisha. Kasi aliketi. Magoti yalimfika kidevuni. Aliwasha, akazungusha mkono wa kulia kwa mazoea, akakuta breki tu. Akashika wa kushoto bila kujua, skuta ikachomoka, ikampeleka hatua chache huku miguu yake inaburuza vumbini kama ya mtoto anayeburutwa kwenda shule, ikazimika mbele ya benchi. Alibaki ameketi hapo. Hakuna aliyecheka. Hata Redio aliangalia pembeni.

— Ukitaka chombo, Pindo alimwambia, Kipimo yuko hapa. Kaa kwenye kreti akupime. Hiki shuka.

Kasi alishuka. Alitazama benchi, akaona hakuna wa kumpokea, akaanza kukipanda kilima kwa miguu.

Pindo alichomeka mkongojo kwenye bomba lake, akakaa, akapanga sketi. Kipimo aliifuta taa ya mbele kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

— Bado umenikasirikia, dada?

Pindo alifikiri, maana aliulizwa kwa kweli.

— Ndiyo, alisema. Akavuta mafuta kwa mkono wa kushoto, akaenda kwao.