Dada Taipu na Ubao wa Nyuzi Kumi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, familia imenituma nisome kwa sababu shemeji yangu, mume wa marehemu, amesema miguu haimbebi, na kwa sababu mimi tangu Jumanne sijahisi kitu, hivyo wameona nitafika mwisho bila sauti kukatika.

Dada yetu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1957, mtoto wa tatu kati ya watano, baba akiwa karani wa ghala na mama mshonaji, na tangu utotoni hakuweza kukaa mezani bila kuigonga kwa vidole, hata mama akawa anamuuliza, “Meza imekukosea nini, wewe mtoto?”

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akamaliza sekondari mwaka 1975, kisha akaenda chuo cha uhazili, ambako alijifunza kupiga chapa kwa vidole vyote bila kutazama mashine, na tarehe 6 Machi 1978 aliajiriwa katika ofisi ya reli, akakaa hapo hadi alipostaafu, na huko ndiko alikopewa jina la Taipu, na wengi wenu hamkujua kama analo lingine.

Mwaka 1981, kwenye sherehe ya ofisi, ilikuja bendi ya jazi ya watu wanne kutoka hoteli ya mjini, na wakati wa mapumziko dada alimfuata mpiga gitaa la besi, akamwambia, “Kaka, wewe ndiye uliyeushika wimbo wote, mbona wanakuficha nyuma?” Shemeji husema tangu siku hiyo usingizi ulimpaa, wakafunga ndoa tarehe 18 Septemba 1982, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na kijana aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye ni fundi wa lifti.

Mwaka 1991 mwanamuziki mgeni aliyekuwa akiondoka hotelini alimwachia shemeji chombo ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukiona, ubao mrefu mwembamba wenye nyuzi kumi, usio na tumbo kama la gitaa, unasimamishwa kifuani kwa mkanda, na nyuzi zake hazicharazwi, zinagongwa kwa ncha za vidole, mkono mmoja ukipiga besi na mwingine sauti ya juu, mtu mmoja akawa bendi nzima. Shemeji alikishindwa, mkono wake ulizoea kucharaza, lakini jioni moja dada, akisubiri maharage yaive, alikijaribu kwa mikono ya mpiga chapa, maharage yakaungua, na shemeji akasimama mlangoni akasema, “Mke wangu, hiyo taipu yako imeota nyuzi.”

Mwaka 1996 hoteli ilivunja bendi, meneja, aliyekwisha kusikia jinsi dada anavyokipiga chombo kile, akamwita apige peke yake mahali pa wale wanne, dada akakataa, akasema hawezi kukalia kiti cha mumewe kikiwa bado na joto, na kukataa huko kulimuuma shemeji kuliko kuachishwa kazi, akamwambia, “Umenihurumia mbele ya watu.” Dada alikifunga chombo kwa shuka, akakiweka nyuma ya kabati, na kwa miaka kumi na sita walikula pamoja, wakalea watoto vizuri, shemeji akitengeneza redio, ila habari ya muziki haikuguswa katika nyumba ile, na sisi ndugu tulijua, tukanyamaza, maana ya wawili humalizwa na wawili.

Mwaka 2012, wiki aliyostaafu dada, shemeji mwenyewe alisogeza kabati, akatia nyuzi mpya, akamwambia, “Ule wimbo niliotungia bendi, upange wewe, sehemu zote nne, mimi nitakaa hapa.” Ulimhangaisha karibu miaka miwili, mkono mmoja ukitulia mwingine unatoroka, mwenyewe akisema, “Mikono hii ni mawifi, haisikilizani,” na shemeji akimsahihisha kutoka kitini, “Besi haikimbii, mama, besi inangoja.”

Tarehe 23 Agosti 2014, katika ukumbi wa chuo cha ualimu, aliupiga peke yake, nami nilikuwapo, na mzee aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ile aliinuka akachungulia nyuma ya pazia kutafuta wanaomsaidia, watu wakacheka, lakini walinyamaza alipofika mahali ambapo kila mpigaji huachiwa atunge papo kwa papo, kwani hapo dada aliuondoa mkono wa kulia kabisa, akauteremsha pembeni, besi ikabaki peke yake mbele ya ukumbi mzima, taratibu, kwa muda mrefu. Shemeji alifunika uso kwa kofia. Njiani kurudi alisema, “Sehemu yangu umeirefusha mno,” naye akajibu, “Ilikuwa imechelewa.”

Tarehe 9 Februari mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukafa, lakini wodini ule wa kulia uliendelea kugonga shuka, na shemeji akimfuatia besi kwa mdomo, hata wagonjwa wa jirani wakawa wanawaagiza nyimbo. Jumapili tarehe 2 mwezi huu hali ilibadilika tena, tukamrudisha wodini, akafariki Jumanne tarehe 4, asubuhi, daktari akiwa chumbani, nami nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakimaliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani mliopika na kufagia bila kuulizwa, wenzake wa ofisi ya reli, na wanabendi wawili waliobaki.

Wengi mmeuliza kama leo chombo kitapigwa. Hakitapigwa, hakuna anayekijua.

Dada yetu, tumekufikisha hapa, upumzike kwa amani.