Fundi Kinagaubaga

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuja kutushika mkono, nasi tunawasomea maisha ya mpendwa wetu bila kumpamba sana, maana angetukatiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la viatu la baba yake, akiwa wa kwanza kati ya mabinti wawili, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, ambako mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ana akili ila ajifunze kunyamaza, somo ambalo hakulifaulu hata siku moja.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, na tarehe 2 Juni 1981 akafungua chumba chake cha kushonea mkabala na posta, na hapo ndipo alipopata jina, kwani kila mteja alipoingia na kitambaa, yeye alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akavua miwani, akasema anamweleza kinagaubaga, kisha akamwambia mshono gani haumfai, kwa nini, na upi utamkaa, na wengi walitoka wamenuna, wakarudi wiki ya pili.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi seremala, aliyemwandikia barua tatu ndefu zenye maua pembeni, akajibiwa aje aseme kinagaubaga, naye akaja, akasema kwa sentensi moja huku jasho likimtoka, wakajaaliwa watoto watatu.

Mwaka 2012, kwenye arusi ya binti wa mdogo wake, marehemu alitamka mbele ya wageni kwamba bwana arusi ni mvivu, jambo ambalo lilikuwa kweli, na dada hao wawili wakakaa miaka kumi na moja bila kujuliana hali.

Mwezi Februari 2023 alianza kuumwa tumbo, na tarehe 4 Aprili madaktari wakagundua saratani ya ini, lakini watoto walikaa kikao sebuleni, wakakubaliana aambiwe ni vidonda vya tumbo, na kwa wiki tatu nyumba nzima ikawa inaongea kwa kuchaguachagua maneno, hadi kitinda mimba aliposhindwa, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumweleza kinagaubaga ugonjwa wenyewe na muda uliobaki. Marehemu alilia sana, akamshukuru mwanawe, na kesho yake asubuhi, mgonjwa vile vile, akapanda teksi hadi mlangoni kwa mdogo wake, akamwambia kwamba kusema kinagaubaga ni kumfungulia mtu jambo alielewe, na kwamba siku ile ya arusi yeye alikuwa amemuumbua tu, akaomba radhi. Aliaga dunia tarehe 30 Julai 2023, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika miguu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumpikia uji, na mafundi wenzake waliomalizia sare za shule alizoziacha mezani. Zaidi ya wote tunamshukuru kitinda mimba, kwa sababu bila yeye marehemu angeondoka akidhani bado ana muda, na mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii, leo angekuwa kwake, amejifungia ndani.

Lala kwa amani, dada yangu.